Barabara Yako na Shilingi ya Petroli

Ndugu mkulima, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa huku Kinangop nikitazama mikebe ya maziwa iliyopangwa kando ya njia. Ilikuwa saa mbili. Lori lilifika karibu saa sita, limejaa matope hadi milangoni, na mpimaji akakataa nusu ya maziwa kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kuchacha. Mama mmoja akachukua mkebe wake akarudi nao nyumbani bila kusema neno. Ng'ombe wake walikuwa wazima, na malisho yalikuwa mengi. Kilichomnyang'anya fedha zake ni kilomita 4 za barabara.

Labda utauliza, je, hatulipi? Unalipa, kila unapotia petroli katika pikipiki au dizeli katika trekta. Ushuru wa kutunza barabara uliwekwa kwa sheria mwaka 1993. Mwaka 2016 ulifika shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Sasa tufanye hesabu kama ya ubaoni. Mwaka 2025 Serikali iliziweka rehani shilingi 7 katika hizo 25, ili kulipa madeni ya zamani ya makandarasi. Toa 7 katika 25, zilibaki 18, zile zile za mwaka 2016. Lakini bei ya dizeli ya grada haikubaki pale pale. Tena zinazobaki hugawanywa kwa barabara kuu, za miji na za vijijini, na mwaka 2024 magavana na wabunge walianza kugombania shilingi bilioni 10.5 za fungu hilo, kila upande ukisema ni zake.

Wakati huo mvua haingoji. Barabara ya udongo huuawa na maji kuliko magari. Mgongo wake ukiwa juu na mitaro ikiwa wazi, maji hukimbilia kando. Mtaro ukiziba, maji hushika katikati ya njia na kula changarawe, na kazi ya sepetu ya siku mbili hugeuka kazi ya grada na malori. Wazee watakumbuka mpango wa barabara za mashambani ulioanza mwaka 1974. Watu wa pale pale waliandikwa kazi ya jembe na sepetu, kisha mtu akaaye karibu akapewa kipande chake cha kutunza, kwa mshahara. Mshahara huo ukikosekana, mtaro huota majani.

Basi katika baraza ijayo usiulize tu barabara itatengenezwa lini. Uliza kama njia yenu imo katika orodha ya kaunti au ya Mamlaka ya Barabara za Vijijini (KeRRA), maana kila mmoja hupenda kusema ni ya mwenzake. Uliza imepangiwa shilingi ngapi mwaka huu, na ngapi kati yake ni za mitaro.

Na kabla ya kwenda, tazama langoni pako. Nimeona wengi waliojaza udongo mtaroni ili pikipiki ipite, bila kutia kalvati. Hapo maji yote ya jirani wa juu huingia barabarani.