Gari Lililoachwa Lina Mwenyewe: Mambo ya Kukagua kabla ya Kununua Pikapu ya Dizeli Iliyotumika



Pikapu ya dizeli ndiyo punda wa wilaya yetu. Hubeba samaki kutoka Quionga na Olumbe, saruji na mabati ya wanaojenga upya nyumba zao, mihogo ya mashambani, na usiku wa dharura hugeuka kuwa gari la wagonjwa. Kila shughuli zinapochangamka kuelekea Afungi, haja ya magari huongezeka, na wauzaji nao huongezeka. Miongoni mwao wamo waaminifu, na wamo wasio waaminifu. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kuwaeleza wasomaji mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Tunaanza na jambo ambalo wanunuzi wengi huliweka mwisho. Mnunuzi akifika huuliza injini, kisha matairi, kisha bei, na hati huzitazama juu juu wakati mkono umekwisha kunyooshwa. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Injini mbovu hutengenezwa, tairi hununuliwa jingine, lakini gari la mtu mwingine halitengenezeki likawa lako. Siku mwenyewe atakapojitokeza, utapoteza gari na fedha kwa pamoja, na huenda ukalazimika kueleza mbele ya sheria namna ulivyolipata.

Kwa nini Palma iwe na hadhari zaidi

Tarehe 24 Machi 2021 mji wetu ulishambuliwa. Maelfu ya watu walikimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa magari, wakaelekea Afungi, Pemba, Nangade, Mueda na mpaka wa Tanzania. Waliokimbia hawakuwa na nafasi ya kufunga milango. Magari mengine yaliteketezwa, mengine yaliibwa, na mengine yaliachwa barabarani funguo zikiwa ndani. Katika mkoa wetu wa Cabo Delgado hali kama hiyo imezikuta wilaya kadhaa tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017.

Tunaomba ieleweke vyema: gari lililoachwa lina mwenyewe. Aliyekimbia kuokoa roho yake hakuacha haki yake juu ya mali yake. Huenda leo yuko Pemba au Mtwara, na huenda amefariki akaacha mjane na yatima wanaolitegemea gari hilo kama urithi. Anayeliokota na kuliuza anauza kisicho chake, na anayelinunua kwa bei ya kutupa ananunua machozi ya mwenzake.

Kuna njia nyingine pia ambazo magari yasiyo halali hutufikia. Kwa miaka mingi pikapu zilizoibwa Afrika Kusini zimekuwa zikivushwa mpaka kuingia Msumbiji. Aidha, yapo magari yenye usajili wa Tanzania yanayoingia kwa kibali cha muda. Gari la namna hiyo huruhusiwa kutembea nchini kwa muda uliotajwa, lakini halipaswi kuuzwa hapa kabla ya ushuru kulipwa Alfândega na usajili kufanywa upya.

Namba ya chesisi

Anza na namba. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya masoko mengi ya dunia huwa na namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Ndani yake hamna kamwe herufi I, O wala Q, kwa kuwa hufanana na 1 na 0. Ukiona mojawapo ya herufi hizo, tambua kwamba mkono wa mtu umepita hapo. Herufi tatu za mwanzo hutaja mtengenezaji na nchi: AHT ni Toyota iliyoundwa Afrika Kusini, AFA ni Ford ya Afrika Kusini, na namba inayoanza na JT ni Toyota ya Japani. Muuzaji akikuapia kwamba Hilux yake ilitoka Japani moja kwa moja, na namba ikaanza na AHT, muulize tena. Hata hivyo, magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na namba fupi zaidi, na ufupi huo peke yake hauna ubaya.

Katika pikapu nyingi namba hiyo hugongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mara nyingi upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Chukua kitambaa na mafuta kidogo, futa matope na kutu, kisha soma herufi moja baada ya nyingine. Tazama kama zimelingana kwa kimo na kwa nafasi, kama chuma hapo kimepigwa tupa, kama kuna alama ya kuchomelea kuzunguka namba, au rangi mpya mahali ambapo pengine pote ni pa zamani. Baada ya hapo linganisha na kibati kilichobandikwa ndani ya boneti au mlangoni, na mwisho linganisha na hati. Namba ya injini nayo isomwe. Injini huweza kubadilishwa kihalali, lakini mabadiliko hayo lazima yawe na maandishi.

Upo ujanja mmoja tunaopenda mwufahamu. Mhalifu hununua mabaki ya gari lililoungua pamoja na hati zake halali, akakata kipande cha chesisi chenye namba na kukichomelea kwenye gari la wizi la aina ileile. Hati huwa za kweli, namba huwa ya kweli, na gari huwa si lenyewe. Ndiyo maana kuchomelewa kokote karibu na namba ni sababu tosha ya kuahirisha ununuzi.

Hati

Omba uone hati zenyewe, wala usiridhike na nakala wala picha ya simu. Mambo ya kutazama ni haya:

1. Livrete na título de propriedade. Jina lililo kwenye título liwe la mtu aliye mbele yako, na alithibitishe kwa kitambulisho chake. Akisema anauza kwa niaba ya ndugu, aonyeshe hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na notário. Ikiwa mwenye gari amefariki, warithi waonyeshe hati za mirathi.

2. Namba za usajili. Katika vibati vya Msumbiji vya mtindo mpya, herufi mbili za mwisho hutaja mkoa, kama MC kwa jiji la Maputo. Gari la MC kuuzwa Palma si kosa, lakini liwe na maelezo ya safari yake.

3. Hati za forodha, endapo gari liliingizwa kutoka nje ya nchi.

4. Hati ya ukaguzi wa gari, yaani inspecção, pamoja na bima ya dhima kwa mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima kisheria.

5. Rejista. Kabla ya kulipa, omba taarifa katika ofisi ya usajili wa mali, Conservatória, ili ujue kama gari limewekwa dhamana ya mkopo au limezuiwa na mahakama.

Sheria namba 24/2019, iliyopitisha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, inalitambua kosa la receptação, yaani kupokea au kununua mali iliyotokana na uhalifu. Katika uchunguzi huulizwa: je, mnunuzi alikuwa na sababu ya kushuku? Bei iliyo nusu ya bei ya soko, hati zisizokuwapo, na haraka ya muuzaji ni mambo yanayojibu swali hilo vibaya dhidi yako.

Injini ya dizeli

Baada ya namba na hati kukubalika, sasa tazama mashine. Mchukue fundi unayemwamini wewe, asiwe fundi aliyeletwa na muuzaji.

Fika asubuhi na mapema, na umwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, kuna jambo limefichwa, kwa kuwa injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikiwa na joto. Katika joto la pwani yetu, injini nzima huwaka baada ya mizunguko michache tu. Ikisumbua, huenda mgandamizo wa silinda umepungua au nozeli zimechoka.

Tazama moshi. Moshi mweusi unaoendelea huashiria mafuta mengi kuliko hewa, pengine kwa sababu ya nozeli, kichujio cha hewa kilichoziba au tabo iliyochoka. Moshi wa samawati huashiria kwamba injini inachoma oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto huashiria dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili. Mvuke mwingi ukitoka kwa msukumo, ringi za pistoni zimekwisha. Fungua rejeta injini ikiwa ya baridi tu: ukiona mafuta yanaelea, au povu la kahawia kwenye kijiti cha oili, gasketi ya silinda imeharibika.

Injini za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser yenye silinda sita, huvumilia mengi. Injini za mfumo wa kisasa husukuma dizeli kwa shinikizo linalozidi bar 1,000, na hazisamehi uchafu. Dizeli ya madumu iliyochanganyika na maji huharibu pampu na nozeli, na gharama ya kuzibadilisha huweza kula faida ya mwaka mzima. Kwa injini za 1KD, zilizofungwa kwenye Hilux nyingi za kati ya 2005 na 2015, uliza kama vizibo vya shaba vilivyo chini ya nozeli vimewahi kubadilishwa. Vikivuja, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio lililo chini ya injini, na injini huweza kufa njiani ghafla. Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na uombe risiti.

Chesisi, chumvi na moto

Lala chini uitazame pikapu kwa chini. Gari lililoishi ufukoni na kubeba samaki kwenye maji ya chumvi huliwa kutoka ndani. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa. Kagua zaidi juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa, kwa kuwa hapo ndipo mzigo hulalia.

Tafuta pia alama za moto. Nyaya zilizoyeyuka nyuma ya dashibodi, masizi kwenye mapango ya milango, na rangi iliyobabuka chini ya zulia huonyesha gari lililowahi kuungua. Chuma kilichopitia moto mkali hupoteza nguvu yake hata kikipakwa rangi. Matundu madogo ya mviringo yaliyozibwa kwa puti nayo yana historia, na unayo haki ya kuiuliza.

Kilomita za kwenye saa zisikudanganye. Gari la miaka 15 linalosoma kilomita 80,000, huku pedali zimelika na usukani umeng'aa kwa mikono, saa yake imerudishwa nyuma. Kwa gari lililotumiwa na kampuni, omba kitabu cha matengenezo.

Majaribio na malipo

Lijaribu gari mchana, ndani ya mji au kwenye barabara yenye watu. Usikubali kwenda kulijaribu au kulipokea porini, wala kusafiri na fedha taslimu ukiwa peke yako. Jaribu giaboksi, klachi, breki na mfumo wa magurudumu manne. Malipo yafanyike benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye título, na tamko la mauziano lisainiwe mbele ya notário siku hiyohiyo. Baadaye usichelewe kubadilisha umiliki. Gari likiendelea kusoma jina la mtu mwingine, kwa maandishi bado ni la mtu mwingine.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa samaki aliyeweka akiba kwa miaka minne. Anaonyeshwa pikapu nzuri, bei ni ya chini, na muuzaji anasema kuna mteja mwingine anayekuja alasiri. Saa moja ya kusoma namba na kupeleka hati zikathibitishwe ndiyo inayotenganisha akiba ya miaka minne na hasara. Muuzaji wa kweli hungoja saa hiyo. Asiyengoja amekwisha kukujibu.

Tunajua wapo wanaosita kuingia kituoni wakihofia kushukiwa. Twawaomba waje kabla ya kununua, pamoja na muuzaji na gari lenyewe. Muuzaji anayekataa kufika polisi amekuokolea fedha zako. Na ikiwa umekwisha kununua ukagundua kasoro ya namba au hati, usiliuze kwa mwingine ili kujinasua, kwa kuwa hapo kosa la mwenzako huwa lako. Njoo wewe mwenyewe, uje na risiti, jina la muuzaji na namba yake ya simu. Vilevile, aliyepoteza gari wakati wa mashambulizi na hajaripoti, aripoti sasa, hata kama miaka imepita. Gari ambalo halikuripotiwa ni vigumu kutambuliwa mikononi mwa mwizi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliandike daftari pamoja.