Mnyama Anapoacha Kutuogopa

Kila mnyamapori ana mpaka wake. Swala akikuona kwa mbali huinua kichwa na kuacha kula. Ukizidi kusogea, hukimbia. Mpaka huo ukivukwa na mnyama akakosa pa kukimbilia, hapo ndipo hushambulia. Ndiyo maana wavuvi na wachota maji huonywa wasikae kati ya kiboko na maji: kiboko aliye malishoni akishtuka hukimbilia majini, na ole wake aliyesimama njiani. Hatari hii wengi wanaijua. Isiyojulikana sana ni ile inayokuja mnyama anapoacha kuogopa, na historia ya hifadhi ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma nchini Tanzania, inaieleza vizuri.

Mtafiti Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, sokwe mtu walimkimbia, ikambidi awatazame kwa darubini kutoka mlimani. Wa kwanza kumzoea alikuwa dume mwenye ndevu za mvi, aliyempa jina la David Greybeard. Dume huyo alianza kuingia kambini kula chikichi, kisha ndizi. Wenzake wakamfuata, na baada ya muda kikawekwa kituo cha kuwalishia ndizi. Sayansi ilifaidika sana, kwa kuwa watafiti waliweza kumtambua kila sokwe na kufuatilia maisha yake. Lakini msituni chakula hutawanyika, na pale kambini kilirundikwa mahali pamoja. Sokwe wakajazana, nyani nao wakaja, ugomvi ukaongezeka. Watafiti wenyewe waliyaona madhara hayo, wakapunguza ulishaji na hatimaye wakauacha.

Mwaka 1966 yalitokea makubwa zaidi. Polio ilizuka kwa watu wa eneo lile, na muda si mrefu sokwe nao wakaanza kupooza. Inaaminika waliipata kwa binadamu. Mmoja wao, dume mzee aliyeitwa Mr. McGregor, alipooza miguu yote miwili, akawa anajiburuta kwa mikono. Siku moja alijivuta hadi juu ya mti walipokuwa wenzake wakichambuana manyoya, akawanyoshea mkono. Wakahama tawi, wakamwacha. Mwishowe ilibidi apigwe risasi kumwondolea mateso. Goodall na wenzake waliwapa sokwe waliobaki chanjo iliyofichwa ndani ya ndizi.

Kwa nini ugonjwa wetu uwapate kirahisi hivyo? Vinasaba vya sokwe mtu vinafanana na vyetu kwa karibu asilimia 98, kwa hiyo virusi vingi vinavyotuingia sisi vinaweza kuwaingia na wao. Tofauti ni kinga. Mafua tumeishi nayo vizazi na vizazi, yakitupata tunapiga chafya siku chache na kupona. Kwa sokwe ambaye mwili wake haujawahi kukutana na virusi hivyo, mafua yaleyale yanaweza kugeuka kichomi na kumuua. Katika msitu wa Taï, nchini Ivory Coast, wanasayansi walipima mizoga ya sokwe waliokufa kwa maradhi ya mapafu wakakuta virusi vya binadamu. Na huko Gombe, maradhi ya njia ya hewa yameua sokwe wengi kuliko kitu kingine chochote.

Binadamu naye hulipa. Mwaka 2002, ndani ya hifadhi hiyo hiyo ya Gombe, sokwe dume aliyeitwa Frodo alimnyakua mtoto mdogo kutoka kwa aliyekuwa amembeba, akamuua. Frodo alizaliwa mwaka 1976, akakua mbele ya macho ya watafiti. Hofu ya mtu hakuijua kamwe. Alikuwa pia mwindaji hodari wa mbega wekundu, ambao sokwe hupenda kuwapokonya watoto. Hakuwa na ubaya wa kipekee. Alifanya anachofanya sokwe, na kilichokuwa kikimzuia asiwafanyie watu vivyo hivyo kilikuwa kimekwisha kuondolewa.

Kanuni za leo zimetokana na gharama hizo. Katika hifadhi ya Mahale, ambako pia wageni huenda kuona sokwe mtu, mgeni huvaa barakoa, husimama umbali wa mita 10, na hukaa na sokwe saa moja tu. Mwenye mafua au kikohozi hapaswi kwenda. Chakula hakiliwi mbele yao wala mabaki hayaachwi, maana mnyama akishaonja cha mtu hurudi kukidai, na siku asipopewa hupokonya. Sheria hiyo inamhusu vilevile anayemrushia nyani ndizi kutoka dirishani mwa basi kwenye barabara inayopita hifadhi ya Mikumi: anamfundisha kuyafuata magari, na nyani huyo atagongwa au atamng'ata abiria mwingine.

Lililo gumu zaidi ni pale mnyama mwenyewe anapokusogelea. Moyo hufurahi, mkono hutafuta simu, na mtu hujiona amependwa. Rudi nyuma. Hofu ya mnyama ndiyo kinga yake na yako pia, na hakuna picha yenye thamani ya kuivunja.