Handaki la Gotthard na Miji ya Milimani

Kabla ya mwaka 1882, msafiri aliyetoka Uswisi kwenda Italia kwa njia ya Gotthard hakuwa na budi kupita Andermatt. Hapo farasi walibadilishwa, abiria wakala na kulala, nao wenyeji wakapata riziki. Mwaka huo ilifunguliwa reli katika handaki la kilometa 15, toka Göschenen hadi Airolo. Treni zikapita chini ya ardhi ya Andermatt, na nyumba za wageni zikakosa wageni.

Göschenen ilineemeka, lakini kwa damu. Mwezi Julai 1875 vibarua wa Kiitalia waligoma, wakilalamikia moshi wa baruti na kudai nyongeza ya ujira. Wanamgambo wa jimbo la Uri waliitwa, wakafyatua risasi, na wafanyakazi wanne wakauawa. Hewa ya handakini haikusafishika kwa risasi hizo.

Andermatt iliokolewa na jeshi. Serikali, ikichelea handaki hilo lisije likawa mlango wa adui, ilianza kujenga ngome katika miaka ya 1880, na mji ukawa wa kambi. Vita Baridi vilipokwisha askari walipunguzwa. Leo mji huo hutegemea zaidi watalii wa theluji na hoteli zilizojengwa na tajiri wa Misri, Samih Sawiris.

Zamu ya Göschenen nayo ilifika. Tangu mwisho wa 2016, treni nyingi za masafa marefu hupita handaki jipya la kilometa 57, wala hazikioni kituo chake.