Matembezi ya Hisani Pwani ya Mtwara

Katika nchi ambayo wengi huenda kwa miguu kwa kukosa nauli, ni ajabu kidogo kwamba fedha hutolewa kwa ajili ya mtu aendaye kwa miguu kwa hiari yake. Na mwanamke wa Msimbati ambaye, maji yakipwa wakati wa bamvua, huranda juu ya mwamba akichokora pweza mashimoni kwa kijiti, ana haki ya kuuliza mbona mwendo wake yeye haujachangiwa na mtu.

Swali hilo si la dhihaka, maana pwani hii imeujua mwendo mrefu kuwa kazi ya ujira. Machi 1866 msafiri Mwingereza David Livingstone alifika mlango wa Mto Ruvuma, akakuta mikoko na matope yasiyopitika kwa ngamia wake, ikamlazimu kurudi kaskazini hadi ghuba ya Mikindani. Kutoka hapo alishika njia ya bara na askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzuani, nyati, nyumbu na punda. Na kwa kuwa ngamia ni mnyama mrefu, ilhali njia za huku zilikatwa kwa kimo cha binadamu, aliwaajiri Wamakonde wamfyekee vichaka kwa mashoka. Safari ikapewa jina lake, waliofyeka hawatajwi.

Basi thamani ya matembezi ya hisani haimo katika maili, bali katika ahadi iliyofungwa mbele ya mashahidi: atembeaye huweka mwili wake rahani kwa ajili ya wengine, na tajiri ambaye angelipita bakuli la mwombaji bila kugeuka huona haya kumnyima mtu aliyechubuka nyayo. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya maili 100, kuliunga mkono Azimio la Arusha; hakuomba senti, lakini nchi ilimwelewa. Nao Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, tangu 2002, huwapandisha watu Kilimanjaro kuchangisha fedha za kupambana na maradhi hayo.

Kwa Mtwara, mahali pa kuanzia ni Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani 1895, ambalo shirika la hisani la Trade Aid la Uingereza lililikarabati likawa hoteli. Hadi Mtwara mjini ni mwendo wa asubuhi moja, wazee na watoto waumudu. Wenye miguu waendelee siku ya pili, wapite Madimba inakosafishwa gesi ya Mnazi Bay, hadi Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2000. Huko, kabla ya ngoma na pilau, mweka hazina asome daftari kwa sauti: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimeliwa na fulana, maji ya chupa na posho ya mgeni rasmi. Mlango wa Ruvuma wenyewe waachiwe wenye mitumbwi. Mikoko iliyomrudisha Livingstone haitawaonea haya wenye fulana mpya.