Msichana wa miaka 15 akitaka kujichubua, mzazi amruhusu?

Shule zinapofunguliwa mwezi wa tisa, walimu wengi wa sekondari mjini Goma na Bukavu hawashangai tena. Msichana aliyekwenda likizo kubwa akiwa na rangi yake anarudi darasani na uso mweupe, shingo ya rangi mbili, na vidole ambavyo viungo vyake vimebaki vyeusi. Wenzake wanamsifu. Baada ya siku chache, wawili watatu wanamuuliza anapaka mafuta gani.

Katika nchi nyingine wazazi wanabishana kuhusu upasuaji wa urembo: pua, matiti, midomo. Uingereza, tangu tarehe 1 Oktoba 2021, ni kosa kumdunga mtu asiyetimiza miaka 18 sindano ya Botox au ya kujaza midomo kwa ajili ya urembo, hata kama mzazi wake amekubali. Kwetu kisu cha urembo watoto wanakiona kwenye simu tu. Swali lenyewe linatufikia ndani ya kikopo, na kikopo hakiulizi sahihi ya mzazi. Kinauzwa sokoni pembeni ya sabuni na unga, na wauzaji wengine wanachanganya wenyewe ule mukorogo wao bila mtu kujua kipimo.

Mara nyingi ndani yake mna dawa ya hospitali. Clobetasol, kwa mfano, ni dawa kali ya kutibu ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi. Daktari huiandika kwa sehemu ndogo ya mwili, na kwa kawaida haizidi wiki mbili mfululizo. Anayejichubua anaipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, miezi kwa miezi. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, chunusi zinajaa usoni, michirizi inatokea mapajani na mabegani, nayo haifutiki. Kidonda kinachelewa kupona, na siku mtu huyo akihitaji kupasuliwa, nyuzi hazishiki vizuri.

Kwa kijana kuna hatari zaidi. Dawa hiyo hupenya ngozi na kuingia katika damu. Ikizidi, tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kazi yake, na mtoto ambaye bado anakua anaweza kuchelewa kuongezeka kimo. Mama mwenye miaka 40 anayejipaka anaharibu mwili uliokwisha kukomaa. Binti yake wa miaka 15 bado hajamaliza kukua.

Halafu kuna haidrokinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake. Rangi hiyo ndiyo kinga yetu mbele ya jua, na sisi tunaishi karibu na mstari wa ikweta, pembeni ya ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1.500, ambako jua linachoma hata siku ya baridi. Mtu akiitumia muda mrefu, mashavu yanaweza kutoka madoa meusi yenye rangi ya buluu ambayo ni magumu sana kutibu. Aliyetafuta weupe anabaki na weusi ambao hakuzaliwa nao.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote. Inaumiza figo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Hata wasiojipaka wanaweza kuipata kwa taulo na shuka za nyumbani. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi ifikapo 2025. Lakini soko halisomi mikataba. Mara nyingi zebaki haiandikwi kwenye kikopo, ila kuna alama moja ya kuangalia: maandishi yanayokuonya usiguse dhahabu, fedha au aluminiamu ukiwa umejipaka. Ukiyaona hayo, weka chini.

Jirani zetu wa Rwanda walianzisha msako mkali madukani kuanzia mwisho wa 2018. Hata hivyo, biashara hii inajua njia za kuvuka mpaka kuliko forodha.

Kuna wazazi wanaosema: akikatazwa atajipaka kwa siri kwa rafiki yake, afadhali nimnunulie ile nzuri mwenyewe. Hoja hiyo haichekeshi. Ni kweli kwamba makatazo ya kelele yanamfundisha mtoto kuficha. Lakini iko wapi hiyo nzuri? Clobetasol ya dola kumi na ile ya franga chache ni dawa ile ile. Sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamhesabu mtoto kila asiyetimiza miaka 18, na mimi sioni jinsi mzazi anavyomlinda kwa kumlipia kinachomdhuru. Jibu ni hapana.

Ila hapana peke yake haitoshi. Mtoto anasikia shangazi akisema kwenye sherehe kwamba huyu ndiye mrembo wetu, yule amechukua weusi wa baba yake. Anasikia kaka zake wakitaja wasichana wanaowataka. Anaona picha za ndoa ambamo bibi harusi amebadilika rangi kuliko siku ya posa. Baba anayekataza mafuta huku akisifu weupe wa wanawake wa wengine, mtoto amsikilize lipi?

Kabla ya kukasirika, muulize binti nini kinamsumbua. Mara nyingi tatizo ni chunusi, madoa, au kovu la moto, na anadhani weupe utavifunika. Hayo yanatibika, na kumpeleka kwa daktari si kumruhusu kujichubua. Ni kama mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka: upasuaji wake hatuuiti urembo.

Kama alishaanza, usitupe vikopo chooni siku ile ile. Anayeacha clobetasol ghafla baada ya muda mrefu, ngozi inaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha, naye akadhani ngozi yake imemkataa, akakirudia kikopo. Vibebeni vikopo vyote, hata ule mukorogo usio na jina, mpaka kwa daktari, aamue jinsi ya kupunguza. Rangi kwa kawaida inarudi polepole, miezi kadhaa. Na kama kile kikopo cha kwanza alikitoa kwenye meza ya mama yake, mama naye apange foleni siku hiyo hiyo.