Jogoo Mkali Nyumbani: Ni Tabia au Ni Ugonjwa?

Katika kaya nyingi za vijijini na hata pembezoni mwa miji yetu, jogoo ni mlinzi wa mitetea na akiba ya familia. Hata hivyo, hutokea jogoo huyo akaanza kuwarukia watoto na kuwachoma kwa miiba ya miguu yake. Wapo wasemao ana wazimu, na wapo wanaomchinja siku hiyohiyo. Tunapenda kuwaalika kutanguliza uchunguzi kabla ya hukumu, kwani ugonjwa usipotambuliwa mapema waweza kumaliza kuku wa kaya nzima, na wa majirani pia.

Ikumbukwe kwanza kwamba ukali peke yake si ugonjwa. Jogoo anapopevuka, homoni za kiume humsukuma kulinda mitetea na eneo lake. Ikiwa anakula vizuri, anawika kama kawaida, upanga wake wa kichwani ni mwekundu na macho yake yang'aa, huyo yaelekea ni mzima. Tatizo lake ni tabia: atengwe na watoto, na asipobadilika aondolewe.

Kinachopaswa kutushtua ni mabadiliko. Jogoo aliyekuwa mpole akageuka mkali ghafla huenda ana maumivu, au haoni vizuri na hivyo hushtuka kila anapokaribiwa. Mkamateni usiku akiwa ametulia kwenye fito za kulalia, mkimmulika kwa tochi. Anzeni na kichwa: je, jicho lina ukungu? Pua zinatoa makamasi? Upanga uliopauka waweza kuashiria upungufu wa damu unaoletwa na minyoo au utitiri. Vipele vyenye magamba juu yake huashiria ndui. Inueni mabawa na kufunua manyoya yanayozunguka tundu la haja, ambako chawa na utitiri hupenda kujificha. Papaseni kidari: mfupa ukichomoza kama kisu, amekonda. Malizieni na miguu: magamba yaliyoinuka ni dalili ya utitiri wa miguu, na uvimbe mgumu chini ya wayo ni jeraha lililoingiwa na vijidudu.

Aidha, tusidanganyike na jogoo mkali aliyenyamaza. Ndege kwa asili huficha udhaifu wake hadi nguvu zimwishie. Mkali wa jana akijikunyata leo, mabawa yakilegea, akahema kwa mdomo wazi, akaharisha kijani au shingo ikapinda, tuhofu mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauna tiba, nao waweza kuua karibu kuku wote wasiochanjwa. Hapo mtengeni mara moja, nawaeni mikono, na mwiteni mtaalamu wa mifugo. Kuku mgonjwa asiuzwe, asipelekwe kwa jirani wala asifanywe kitoweo. Akifa, mzoga uchomwe au ufukiwe katika shimo refu.

Kinga yake ni chanjo. Ipo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu, nayo hupewa kuku wazima pekee. Kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, nayo dawa ikishafunguliwa haikai muda mrefu, familia za Jumuiya Ndogo Ndogo zaweza kuchangia gharama na kuchanja siku moja.

Mwisho, mtoto akijeruhiwa na jogoo, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya, hasa likiwa karibu na jicho au likiwa limezama, kwa sababu ya hatari ya pepopunda. Jogoo mwingine hupatikana; jicho la mtoto halipatikani tena.