Kigimbi ni Pampu ya Damu: Askari na Jamaa Zake Waitunze Miguu

Askari wa zamu husimama langoni kwa saa nyingi bila kuketi. Arudipo nyumbani jioni na kuvua buti, mkewe huona alama ya soksi imezama nyamani, na kidole kikibonyeza juu ya kifundo huacha shimo lisilojaa upesi. Wengi husema ni uchovu wa kazi. Pengine ni kweli. Lakini uvimbe urudiao kila jioni, mwezi baada ya mwezi, wafaa kuchunguzwa, kwani huenda ukawa mwanzo wa ugonjwa wa mishipa irudishayo damu moyoni, ambao mwisho wake waweza kuwa donda ndugu.

Moyo huisukuma damu hadi nyayoni, lakini kuipandisha tena kwahitaji msaada, na msaada mkubwa hutoka katika kigimbi. Kila mtu apigapo hatua, misuli ya kigimbi hukaza na kuikamua mishipa iliyomo ndani yake, damu ikapanda. Misuli ilegeapo damu hairudi chini, kwa kuwa mishipani mna vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu. Hieronymus Fabricius, mwalimu wa udaktari huko Padua, Italia, alivieleza vilango hivyo katika kitabu cha mwaka 1603; mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, akabainisha mwaka 1628 kwamba kazi yake ni kuielekeza damu moyoni.

Mtu asimamapo wima bila kujongea, kani ya damu katika mishipa hiyo karibu na kifundo hufikia kiasi cha milimita 90 za zebaki. Akitembea, hushuka hata chini ya 30. Lakini vilango vikiharibika, kigimbi kikidhoofika, au kifundo kikikakamaa kwa jeraha la zamani, kani haishuki ipasavyo. Ndipo mishipa hututumka na kupindapinda, maji hupenya nyamani, na ngozi ya juu ya kifundo huwasha, huwa nyeusi zaidi na kuwa ngumu. Hapo hata mkwaruzo mdogo waweza kufungua kidonda kisichopona kwa miezi.

Hatari hii si ya askari peke yao. Humpata pia mama aliyezaa mara nyingi, mwalimu asimamaye darasani kutwa, mtu mnene, na yule ambaye wazazi wake waliugua hivyo.

Kinga yake haina gharama. Aliye zamuni na ainue visigino na kuvishusha mara kadhaa, kisha arudie kila baada ya muda mfupi. Hata kwenye gwaride aweza kukaza vigimbi ndani ya buti. Zoezi hilo hupunguza pia kuzimia, ambako husababishwa na damu kutuama miguuni. Nyumbani, alale miguu ikiwa juu kuliko moyo kwa dakika 15 hadi 30, na siku ya mapumziko atembee badala ya kukaa kitini kutwa.

Bandeji ya kubana ni tiba kubwa ya ugonjwa huu, lakini isifungwe kabla mganga hajapima mapigo ya damu mguuni. Mwenye ateri zilizoziba yaweza kumdhuru. Kidonda kioshwe kwa maji safi na kufunikwa kwa kitambaa safi, kisitiwe majivu wala unga wa betri. Mshipa ukipasuka na kutoa damu, mgonjwa alazwe, mguu uinuliwe na mahali hapo pakandamizwe kwa nguvu.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikandwe: huenda damu imeganda ndani. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kwa haraka zaidi akibanwa kifua au pumzi. Uvimbe wa miguu yote miwili nao huweza kutokana na moyo, figo au ini. Kwa hiyo ni mganga apasaye kuamua.

Askari hulisafisha buti lake kila siku. Na mguu uliomo ndani yake uangaliwe vivyo hivyo.